Ukidukuliwa Nakuru, Habari Zako Zinafika Mezani kwa Nani?

Tuseme ni Jumatatu asubuhi. Sacco ya wakulima wa viazi kule Molo, kaunti ya Nakuru, imefungua ofisi na kukuta kila kompyuta imejifunga. Akiba za wanachama hazisomeki, na kwenye skrini kuna ujumbe unaodai pesa ili mafaili yafunguliwe. Meneja ampigie nani kwanza? Wengi wetu tungesema polisi. Sheria inamtaja mwingine, tena inampa muda wa kuhesabu kwa saa.

Kifungu cha 40 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya mwaka 2018 kinamtaka yeyote anayeendesha mfumo wa kompyuta, uwe wa umma au wa binafsi, aiarifu kamati moja ya kitaifa ndani ya saa 24 baada ya shambulio. Asiyeripoti anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 200,000, au kufungwa hadi miaka miwili, au vyote viwili. Kusema tu kwamba mmevamiwa hakutoshi. Ripoti inatakiwa ieleze wavamizi waliingiaje, watu walioathiriwa wanakadiriwa kuwa wangapi, na madhara yanayoweza kuwapata ni yapi.

Kwa kuwa ndani ya kompyuta hizo kuna majina, nambari za vitambulisho na hesabu za wanachama, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inaingia. Ikiwa data hizo zimefikiwa na mtu asiye na ruhusa na kuna hatari ya kweli ya wenyewe kudhurika, Kamishna wa Data anapaswa kujulishwa ndani ya saa 72. Na kwa kuwa ni jinai, Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, itahitaji kuandikisha taarifa. Ofisi tatu kwa kisa kimoja. Mbili kati ya hizo watu wanazielewa kiasi. Ni ile ya kwanza, kamati ya saa 24, ambayo wakazi wengi wa Nakuru na huku kwetu Kisumu hawajawahi kuisikia, na ndiyo ninayotaka tuitazame kwa makini.

Ni Kamati ya Kitaifa ya Uratibu wa Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao, kwa kifupi NC4. Mwenyekiti wake ni Katibu wa Wizara ya Usalama wa Ndani. Pamoja naye, sheria inawaketisha Katibu wa wizara ya habari na teknolojia, Mwanasheria Mkuu, Mkuu wa Majeshi, Inspekta Jenerali wa Polisi, Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, Gavana wa Benki Kuu, na Mkurugenzi Mkuu wa Idara ya Kitaifa ya Ujasusi, yaani NIS. Wanaweza kutuma wawakilishi. Kamati hupokea ripoti za mashambulio, huratibu vyombo vya usalama katika mambo ya mitandao, na hulishauri Baraza la Usalama wa Taifa. Kwenye baraza hilo, kwa mujibu wa Ibara ya 240 ya Katiba, mkuu wa NIS ni mwanachama pia. Kwa hiyo habari za kompyuta zako zilizovamiwa zinapita mezani pake zikipanda, na anaweza kukutana nazo tena zikifika juu.

Je, kuna ubaya? Nianze na upande wa wanaosema hakuna, kwa sababu hoja yao ina uzito.

Mwishoni mwa Julai 2023 mtandao wa eCitizen ulizidiwa. Maelfu ya huduma za serikali, kuanzia pasipoti hadi leseni za biashara, zilikwama au zikawa za kubahatisha, na watu walihangaika kununua tokeni za stima na kutumia baadhi ya huduma za pesa kwa simu. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilijigamba kwamba ndilo lililofanya hivyo. Waziri wa teknolojia wa wakati huo, Eliud Owalo, mwana wa Siaya, alikiri kwamba kulikuwa na jaribio la kuufurika mfumo kwa maombi mengi kuliko uwezo wake, akasema hakuna data iliyopotea. Oktoba 2024 Marekani iliwafungulia mashtaka ndugu wawili raia wa Sudan kwa madai ya kuliendesha kundi hilo.

Shambulio la namna hiyo haliwezi kuchunguzwa kutoka kituo cha polisi cha Kondele. Washambuliaji wako nchi nyingine, kompyuta wanazozitumia zimetapakaa nchi nyingi, na sababu yao inaweza kuwa ya kisiasa. Kujua ni nani, anatumwa na nani, na atarudi lini ni kazi ya ujasusi hasa. Ibara ya 242 ya Katiba inaipa NIS kazi ya kukusanya habari za usalama na kuzuia ujasusi wa wageni. Mei 2023 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba wadukuzi wa Kichina walikuwa wamezilenga wizara na taasisi za Kenya kwa miaka kadhaa, NIS ikiwa miongoni mwa zilizolengwa. China ilikanusha. Hata hivyo, nchi ambayo mitambo yake inapekuliwa namna hiyo haiwezi kuwaacha majasusi wake nje ya chumba ambamo mambo ya kujilinda yanazungumzwa. Hilo nalikubali bila kusita.

Tatizo ni kwamba ujasusi una kazi mbili zinazovutana. Upande mmoja unataka mifumo yetu iwe imara. Upande wa pili unaishi kwa mianya, kwa sababu bila mwanya kwenye simu au kompyuta ya anayefuatiliwa hakuna cha kusikiliza. Ni kama fundi wa kufuli ambaye pia analipwa kuingia nyumba za watu usiku: akigundua kufuli fulani ni bovu, atamwambia mwenye nyumba au atanyamaza?

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Marekani. Idara yao ya ujasusi wa mawasiliano, NSA, iligundua udhaifu katika Windows, ikatengeneza kifaa cha kuutumia kilichopewa jina EternalBlue, ikakaa nacho bila kuwaambia Microsoft. Kifaa hicho kiliibiwa na kuanikwa mtandaoni Aprili 2017. Microsoft walikuwa wameshatoa kiraka cha kuuziba udhaifu huo mwezi mmoja kabla, lakini kompyuta nyingi duniani zilikuwa hazijakiweka. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo programu hasidi iitwayo WannaCry ilikitumia kuzifunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuwarudisha wagonjwa nyumbani. Silaha iliyofichwa kwa jina la usalama wa taifa ndiyo iliyowaumiza raia.

Sasa rudi kwa ile sacco ya Molo. Ripoti yake ya saa 24 ina maelezo ya jinsi wavamizi walivyoingia, yaani ina ramani ya mwanya. Simtuhumu mtu kwamba ametumia ripoti ya sacco yoyote vibaya. Ninachosema ni kwamba muundo wa sheria umeiweka ramani hiyo mbele ya wale wanaotakiwa kuziba mianya na mbele ya wale wanaoihitaji pia, na mwenyekiti wa kikao ni wizara ya usalama, si ofisi ya kiufundi iliyo huru. Kuna kituo kingine cha kushughulikia mashambulio ya mitandao, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, na kwa maoni yangu hapo ndipo ripoti ya kwanza ya mfanyabiashara wa kawaida ingestahili kufikia.

Hofu ya watu, hata hivyo, haiko kwenye ripoti za sacco. Iko kwenye simu zao. Hapa sheria zimekuwa nyingi na zimepandana, na nadhani ndipo raia anapopotea. Anasikia "serikali inaweza kusikiliza simu" na hajui ni serikali ipi, kwa ruhusa ya nani.

Anza na Ibara ya 31 ya Katiba, inayompa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo haki ya mawasiliano yake kutoingiliwa. Haki hii inaweza kuwekewa mipaka, lakini Ibara ya 24 inadai mipaka hiyo iwe kwa sheria na iwe ya kiasi kinachokubalika katika jamii ya kidemokrasia. Kutoka hapo njia zinatengana.

Njia ya polisi ni ile ya sheria ya 2018. Afisa anayetaka kupekua kompyuta au simu yako kwa ajili ya kesi ya jinai anaomba kibali cha mahakama chini ya kifungu cha 48. Akitaka kufuatilia mawasiliano yanapoendelea, vifungu vya 52 na 53 vinamtaka aende mahakamani vilevile. Kimoja kinahusu nani amewasiliana na nani, lini na kwa muda gani. Kingine kinahusu maneno yenyewe. Usidharau hicho cha kwanza. Orodha ya simu zako za miezi mitatu inaonyesha daktari wako, wakili wako, mchungaji wako na mahali unapolala, bila mtu kusikia neno lako hata moja.

Njia ya NIS ni tofauti. Sheria yake ya 2012 ilibadilishwa Desemba 2014, nchi ikiwa bado na uchungu wa Westgate na mauaji ya Mandera. Chini ya kifungu cha 42 kilivyo sasa, Mkurugenzi Mkuu mwenyewe anaweza kutoa idhini ya maandishi kwa operesheni ya siri. Pale ambapo operesheni inahusu kuingia mahali, kupekua, kuweka kifaa au kufuatilia mawasiliano, idhini hiyo lazima iwe mahususi na iambatane na kibali cha Mahakama Kuu. Inadumu siku 180, na inaweza kuongezwa. Jaji yupo, basi. Lakini maombi hayo hayasikilizwi ukiwepo, na sheria haijaweka siku ambayo utakuja kuambiwa kwamba yaliwahi kuwepo.

Njia ya tatu ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Mabadiliko yale yale ya 2014 yaliingiza kifungu cha 36A katika Sheria ya Kuzuia Ugaidi. Kinaviruhusu vyombo vya usalama wa taifa, navyo ni jeshi, polisi na NIS, kunasa mawasiliano kwa ajili ya kugundua, kuzuia na kuvuruga ugaidi, kwa taratibu zitakazowekwa na waziri na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Jaji hatajwi humo. Muungano wa upinzani wa CORD ulikwenda mahakamani, na tarehe 23 Februari 2015 majaji watano wa Mahakama Kuu wakafuta vifungu vinane vya mabadiliko hayo. Hiki hawakukifuta. Waliona tishio la ugaidi linahalalisha kuibana faragha kwa kiwango hicho. Wiki chache baadaye wanafunzi na wengine, jumla 148, waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na mjadala wa faragha ukawa mgumu hata kuanzishwa barazani. Naelewa kwa nini. Bado naamini kifungu kinachogusa simu ya mtu kinapaswa kumtaja jaji waziwazi, hasa kinapotumia neno linaloweza kubandikwa kwa mtu yeyote aliyeandamana.

Kwenye karatasi, basi, jaji yuko kwenye njia mbili kati ya tatu. Mazoea yana hadithi yake. Machi 2017 shirika la Privacy International la Uingereza lilichapisha uchunguzi uliodai kwamba maafisa wa ujasusi walikuwa wakiifikia mitandao ya kampuni za simu nchini moja kwa moja. Safaricom ilikana. Septemba 2025 wataalamu wa Citizen Lab, katika Chuo Kikuu cha Toronto, walisema wamekuta programu ya upelelezi iitwayo FlexiSPY kwenye vifaa vya watengenezaji filamu waliokuwa wamekamatwa Nairobi mwezi Mei, na kwamba iliwekwa vifaa hivyo vikiwa mikononi mwa polisi. Kibali cha kupekua simu ni kitu kimoja. Kuirudisha kwa mwenyewe ikiwa na sikio ndani ni kingine kabisa.

Huku magharibi tuna sababu ya kuyafuatilia haya kwa karibu kuliko wengi. Mwanzoni mwa Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu aliyeandika mitandaoni, alichukuliwa kutoka nyumbani kwa wazazi wake Homa Bay na kusafirishwa hadi Nairobi kwa madai ya kuchapisha habari za uongo kuhusu afisa mkuu wa polisi. Alikufa katika kituo cha polisi. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Upasuaji wa maiti ukaonyesha majeraha yasiyolingana na maelezo hayo, na maafisa wa polisi ni miongoni mwa walioshtakiwa kwa mauaji. Siku chache kabla, Rose Njeri alikamatwa kwa kutengeneza tovuti iliyowarahisishia wananchi kutuma barua pepe bungeni kuupinga Mswada wa Fedha, akashtakiwa kwa kosa la kuingilia mfumo wa kompyuta. Mahakama ya Milimani iliitupa hati ya mashtaka kwa kuwa haikuonyesha kosa lolote. Visa vyote viwili vilishikwa na polisi, si NIS, na ni muhimu kutozichanganya ofisi hizi. Lakini vinaonyesha sheria iliyonadiwa kama kinga dhidi ya wadukuzi ikimfikia mwalimu na mtengeneza programu.

Oktoba 2025 sheria hiyo ya 2018 ilipanuliwa. Rais William Ruto alitia saini mabadiliko tarehe 15, siku ile ile Raila Odinga alipofariki India. Kisumu hakuna aliyekuwa anasoma miswada siku hiyo. Watu walikuwa barabarani na matawi, na baadaye Mamboleo kumtazama mara ya mwisho. Tulipotulia ndipo wengi wakagundua kwamba NC4, kamati ile ya wakuu wa usalama, imepewa uwezo wa kuagiza tovuti au programu ifungwe inapothibitika kwamba inaendeleza vitendo haramu, ngono za watoto, ugaidi, au dini za itikadi kali. Baada ya Shakahola, ambako miili zaidi ya 400 ya waumini wa dhehebu moja ilifukuliwa, nani angepinga lengo hilo? Jambo zuri pia limo: kuhamisha laini ya simu ya mtu bila idhini yake sasa ni kosa linalojitegemea, na yeyote aliyewahi kufilisiwa M-Pesa kwa njia hiyo atalifurahia. Ila "vitendo haramu" ni maneno mapana mno, na amri ya kufunga inatoka kwa kamati.

Mwimbaji wa nyimbo za injili Reuben Kigame, mzaliwa wa Vihiga, pamoja na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya isiyo ya kiserikali, walikwenda mahakamani mara moja. Tarehe 22 Oktoba Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda sehemu za kifungu cha 27, kinachohusu unyanyasaji wa mitandaoni na chenye adhabu ya hadi shilingi milioni 20 au kifungo cha miaka kumi. Uwezo wa kufunga tovuti haukuwa ndani ya amri hiyo ya kwanza.

Kama ningeombwa kuongeza kitu kimoja tu katika sheria zetu, nisingegusa orodha ya wanakamati. Ningeichukua hukumu ya Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ya tarehe 4 Februari 2021. Kituo cha uandishi wa uchunguzi cha amaBhungane kilishtaki baada ya mwandishi wake, Sam Sole, kugundua kwamba simu zake zilikuwa zikisikilizwa. Mahakama iliona sheria ya nchi hiyo ina kasoro kwa kuwa aliyesikilizwa haambiwi kamwe, ikaelekeza kwamba ajulishwe ndani ya siku 90 baada ya kibali kuisha, na kwamba jaji anaweza kuahirisha taarifa hiyo ikiwa itahatarisha uchunguzi. Utaratibu huo haumzuii jasusi kufanya kazi yake leo. Unamfanya afikirie kwamba kesho atajieleza. Sisi tuna Bodi ya Malalamiko ya Huduma ya Ujasusi katika sheria ya NIS, ambapo raia aliyedhulumiwa anaweza kupeleka kilio. Mtu asiyejua kama aliwahi kusikilizwa atalalamikia nini?

Hadi hapo patakapobadilika, yapo machache ya kushika. Sacco, duka au shule iliyovamiwa iandike saa ilipogundua shambulio, maana saa 24 na saa 72 ndizo utakazoulizwa baadaye. Ofisi ya Kamishna wa Data ina matawi Nakuru na Kisumu, hivyo hakuna haja ya kupanda basi kwenda Nairobi kulalamika kuhusu data zako, ingawa ujue kwamba Sheria ya Kulinda Data inaachia mambo yanayohitajika kwa usalama wa taifa. Na afisa akija kuchukua kompyuta au simu, omba kukiona kibali na usome kinataja kifaa gani. Kifungu cha 49 kinamtaka aandike orodha ya alichochukua, pamoja na tarehe na saa, na akuachie nakala. Nakala hiyo iweke mahali ambapo wakili wako anaweza kuipata usipokuwepo.